Televisheni ya Kutazamwa Kwenye Kioo

Kinyozi hajinyoi, na Wembe alikuwa ushahidi unaotembea. Ndevu zake zilikuwa zimeota huku nyingi, huku chache, na wateja walimtania kwamba anatangaza biashara ya kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Zamani angewajibu, tena jibu la kuchoma. Siku hizi alitabasamu nusu tu, kwa sababu hata kucheka kunataka nguvu.

Alikuwa amechoka. Uchovu wa kusimama kutwa alishauzoea tangu ujana, na miguu yake ilikwisha kukubali yaishe. Huu ulikuwa uchovu wa kuuguza, ule ambao mwenyewe akilala wenyewe unabaki macho. Alikuwa akimnyoa mtu kisogo, mashine ikinguruma mkononi, anasikia sauti ya mkewe ikimwita, hali mkewe yuko nyumbani kitandani na kati yao kuna soko zima.

Wembe alimwita mkewe Kiranja. Jina hilo alimpa wiki ileile walipooana, kwa sababu bibi harusi aliingia ndani, akatazama chumba, akaanza kupanga: viatu hapa, taulo pale, wewe nenda kanawe. Alikuwa muuza vitambaa sokoni. Mteja akiuliza bei alitajiwa bei, akaambiwa rangi inayomkaa, akaonywa kuhusu fundi wa kumkwepa, na akiondoka mikono mitupu alisindikizwa na maneno mpaka mwisho wa uchochoro. Kisha asubuhi moja kiharusi kilimkuta mkasi mkononi, katikati ya kitambaa cha mtu. Upande wa kulia wote ukalala. Na maneno yale, ambayo watu wazima walikuwa wakiyakimbia, yakapukutika yakabaki matatu: "wewe", "hapana" na "hee".

Kwa maneno hayo matatu aliendelea kuendesha nyumba. "Hapana" ilikuwa hapana, tena ya kukata. "Wewe" ilikuwa ya kila kitu, ya kiu, ya hasira, ya kushukuru, ya kuuliza habari za mtoto, na ilibidi mtu ausome uso wake ajue ni ipi. "Hee" ilikuwa ya kuita. Na hiyo "hee" ndiyo iliyokuwa inammaliza Wembe.

Asubuhi mama mmoja jirani, mjane aliyekuwa akiuza naye vitambaa, alikaa na mgonjwa. Alasiri Wembe alifunga duka, wakati wateja wa jioni, ambao ndio wateja hasa, ndiyo kwanza wanatoka makazini, akarudi kushika zamu. Alimgeuza, alimsafisha, alimlisha, alimkanda mkono uliokufa ganzi. Akimaliza alikwenda sebuleni, akajitupa kwenye kochi, na kabla mgongo haujalizoea kochi:

"Hee!"

Anakwenda. "Unataka maji?" Hapana. "Nikugeuze?" Hapana. "Kuna kinachouma?" Hapana. "Sasa unataka nini, mama watoto?" Mkewe anamtazama, kisha anasema taratibu, kana kwamba jambo limekwisha, "Wewe." Anarudi kwenye kochi. "Hee!" Mwisho akawa haendi tena sebuleni. Alijikalia mle chumbani kwenye kistuli cha mbao, ameegemea ukuta, na kistuli kikamtafuna kiuno mpaka aliposimama alikuwa amejikunja mithili ya kisu cha mfukoni.

Tuseme ukweli. Alimpenda mkewe, na kuna alasiri alikuwa amemchoka. Haya mawili yalikaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana, na aliyewahi kuuguza hatashangaa. Siku nyingine, akiwa njiani kurudi, alipunguza mwendo kusudi, akasimama kutazama vitu ambavyo hakuwa na haja navyo, kisha akaona haya, akakimbia.

Sasa, habari ya kioo. Kiranja hakuweza kulalia bega la kulia, lilikuwa limelegea na liliuma. Chali hakutakiwa kukaa muda mrefu, mgongo ulishaanza kuchubuka. Ukabaki ubavu wa kushoto, na kushoto kwake kulikuwa ukuta. Watu wakasema geuzeni kitanda. Kikageuzwa, na kitanda kile cha hospitali, chenye hendeli miguuni ya kuinulia kichwa, kikakwama: hendeli iligonga kabati lililojengewa ukutani, haizunguki, wakakirudisha. Ukuta wa pili, nyuma ya mgongo wake, ulikuwa na mlango, na kando ya mlango meza ya droo yenye televisheni yao ndogo ya zamani. Basi mwanamke aliyekuwa haachi jambo limpite sokoni akawa anatazama rangi ya ukuta kutoka asubuhi mpaka jua kuzama.

Ni Wembe aliyepata dawa, na aliipata kazini. Alikuwa akimnyoa mtu wakati wa mpira. Televisheni ya dukani imetundikwa nyuma ya viti, na wateja wanaitazama kwenye vioo vilivyo mbele yao. Miaka yote ndivyo ilivyokuwa. Watu wake walizoea kuona mchezaji wa kulia akikimbilia kushoto, na matokeo yaliyoandikwa kinyumenyume waliyasoma bila shida. Wembe aliizima mashine mkono ukiwa hewani. Mteja akauliza kama amemkata. "Hapana," akasema, "umenifungua macho." Alasiri ile, akifunga duka, alikibandua kioo kimoja, akakipeleka nyumbani, akakitundika ukutani mbele ya uso wa mkewe.

Kiranja alipoona chumba chake kikirudi, meza, mlango, pazia, alilia kwa upande mmoja wa uso. Kisha akaanza ukiranja. Kioo kilikuwa kimenyooka, televisheni inaonekana nzima, vizuri kabisa. "Hapana," akasema, akionyesha kwa vidole vya mkono mzima. Wembe akakisogeza. "Hapana." Akakiinamisha huku. "Hapana." Akakipinda upande wa mlango, mpaka robo ya televisheni ikakatika, haionekani. Kiranja akanyamaza. Wembe akajaribu kukirudisha kidogo. "Hapana!" Akaacha. Alijisemea kwamba ugonjwa umegusa na akili ya vipimo, maskini, mtu aliyekuwa akikata kitambaa kwa jicho tu. Akachomeka gazeti lililokunjwa nyuma ya kioo ili kibaki hivyohivyo, kimepinda.

Binti yao, mwalimu wa mji wa pili, alikuja kila Jumapili. Jumapili moja alimkuta baba yake amesinzia kwenye kistuli, mdomo wazi, sahani mkononi.

"Baba, utaanguka."

"Sijalala. Nimefumba macho tu."

"Mama bado anakuita kutwa?"

"Akiacha kuniita, mimi mwenyewe naenda kutazama kama anapumua."

Binti alitazama ile televisheni ndogo, iliyopauka, ambayo ukiitazama kwa pembeni nyuso za watu zinageuka kama zimepakwa majivu. "Baba, mama anakuita kwa sababu hana cha kutazama. Hiki ni kitu gani? Tununue kubwa, ya kisasa, inayoonekana vizuri. Atatulia. Na wewe utapumzika."

Wembe hakuyasikia mengine. Alisikia "utapumzika", na neno hilo akalala nalo. Alijiona amelala kwenye kochi alasiri nzima, viatu vimevuliwa, chumbani televisheni inazungumza, na hakuna anayemwita. Hakuomba utajiri, aliomba alasiri moja. Wiki ileile alitoa akiba aliyokuwa akiiwekea viti vipya vya duka, akamchukua rafiki yake Transista, wakaenda mjini.

Transista alikuwa fundi redio mstaafu, mtu wa kushinda kwenye benchi la duka la Wembe akitoa maoni ambayo hakuna aliyeyaomba. Kila televisheni iliyotengenezwa baada ya yeye kustaafu aliiita bati. Wembe alimchukua kwa sababu ya utaalamu, na kwa sababu mzigo mkubwa unataka watu wawili.

Dukani walipokelewa na ukuta mzima wa televisheni, zote zikionyesha kasuku yuleyule. Dada muuzaji, mtu mzima mwenye miwani na subira, aliwauliza wanatafuta ya namna gani.

"Kubwa," alisema Wembe.

"Kubwa zipo. Nauliza aina. Hii ni LED ya kawaida. Hii QLED. Hii OLED."

"Ni ukoo mmoja," alisema Transista. "Kila mtoto kavalishwa kofia yake, basi."

Dada alicheka, akaeleza kwa lugha ya nyumbani. LED ina taa nyuma ya skrini, zinawaka muda wote, kwa hiyo hata picha ya giza inakuwa na ukungukungu. QLED nayo ina taa nyuma, ila imeongezewa kitu kinachokoleza rangi, inang'aa sana, chumba chenye jua haishindwi. OLED haina taa nyuma kabisa, kila nukta inajiwasha na kujizima yenyewe, ndiyo maana nyeusi yake ni nyeusi kweli. Aliwapeleka kwenye kijumba cha pazia jeusi, ambako OLED nyingine ilikuwa inaonyesha nyota. Wembe alisogea karibu. Ilikuwa kama kufungua dirisha usiku. Aliwaza angeweza kulala palepale, kwenye zulia la dukani, mbele ya nyota zile, na wangemwamsha wakifunga.

"Mnatazama mkiwa wapi?" aliuliza dada walipotoka mle. "Kochi linaangaliana na televisheni, au mnakaa pembeni?"

"Mtazamaji hakai. Analala."

"Sawa. Amelala anaitazama moja kwa moja?"

"Ameipa mgongo."

Dada alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Ameipa mgongo."

"Anaitazama kwenye kioo," alisema Wembe. Akafungua mfuko wa plastiki aliokuja nao, akatoa kile kioo cha mkononi ambacho vinyozi humshikia mteja aone kisogo chake. Akageuka, akaupa ukuta wa televisheni mgongo, akakiinua kioo usawa wa jicho, akaanza kukagua mali moja baada ya nyingine juu ya bega lake mwenyewe.

Duka lilisimama. Mlinzi alisogea mlangoni. Mama mmoja aliyekuwa akichagua pasi alimvuta mwanawe karibu. Transista, ambaye haya zilimwishia zamani, alitangaza kwa sauti, "Msiogope, huyu ni kinyozi. Yeye dunia yote anaijua kwa nyuma."

Lakini Wembe hakuwa anafanya mzaha, na dada alipomwangalia vizuri usoni aliliona hilo. Akaacha kushangaa, akaanza kumsaidia. Alimsogezea kiti akae, ili kimo kiwe cha mtu aliyelala. Akamwambia akiinamishe kioo kama kilivyo nyumbani. QLED, iliyokuwa inawaka kama mchana, ilipotazamwa kwa kupindia namna ile ikapauka, kasuku akapoteza rangi. OLED haikutikisika, kasuku alibaki kasuku upande wowote.

"Basi hii," alisema Wembe.

"Subiri kwanza. Chumba kina dirisha?"

"Kubwa. Jua la alasiri linaingia lote, na pazia hataki lifungwe."

"Anatazama stesheni nyingi au moja?"

"Moja. Ukibadilisha anasema hapana."

Dada alitikisa kichwa. "Jua likiipiga hii mtajiona wenyewe humo. Na ile nembo ya stesheni inayokaa pembeni muda wote, ikikaa palepale mwezi baada ya mwezi, inaweza kuacha alama isiyofutika. Nikikuuzia hii nitakuwa nimekuibia." Akawapeleka kwenye LED nyingine, isiyo na kijumba wala pazia, iliyotundikwa karibu na mafeni. "Hii weusi wake si sana. Lakini ina skrini ya aina inayotazamika kutoka pembeni, haipauki, na mwanga wake unatosha kupigana na dirisha lako."

Wembe alikaa, akaipa mgongo, akainua kioo. Kasuku alikuwa na rangi zake zote. Usiku wa nyuma ya kasuku ulikuwa wa kijivu.

"Nyeusi yake ni kama nywele zako," alisema Transista.

"Mke wangu hatazami giza," alijibu Wembe. "Giza analo la kutosha." Akachukua iliyo kubwa kuliko zote za aina ile.

Kwa kweli alichagua vizuri. Aliuliza, alipima, alishinda tamaa ya zile nyota, na aliyeuza alikuwa mkweli. Mwanamume akinunua kitu kwa akili namna hiyo ana haki ya kutembea kifua mbele, na Wembe alirudi nyumbani kifua mbele, ameshika ncha moja ya boksi, Transista ameshika nyingine, wakisimama kila kona kupumua.

Televisheni ilienea kutoka ukingo wa meza ya droo, ikaacha shubiri moja tu ya ukuta kabla ya fremu ya mlango. Ilibidi kistuli kiondoke. Wembe alikitoa nje ya chumba kwa mguu, bila hata kukiinamia, na moyo wake ukacheka. Kisha akageukia kioo. Sasa kwa nini kitu kizuri hivi kikatwe robo? Akachomoa lile gazeti, akakinyoosha kioo, skrini ikakijaa ukingo mpaka ukingo.

"Hapana," alisema Kiranja.

"Subiri uone."

"Hapana!"

"Subiri kwanza, mama. Safari hii nisikilize mimi."

Akaiwasha. Chumba kikajaa rangi. Tamthilia yake ilikuwa inaanza, na wale watu aliozoea kuwaona kama vidole sasa walikuwa na vinyweleo. Kiranja alinyamaza, macho yamemtoka. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Wembe alimfunika, akarudi nyumanyuma mpaka mlangoni, akaenda sebuleni kwa vidole kama mwizi. Akavua viatu. Akajinyoosha kwenye kochi. Akafumba macho.

"Hee!"

Alibaki amelala, akitumaini amesikia vibaya.

"Hee! Hee!"

Akaenda. Maji? Hapana. Kugeuzwa? Hapana. Sauti ni kubwa? Hapana. Alirudi. Akaitwa. Alirudi. Akaitwa. Kesho yake ikawa vilevile, na kesho kutwa mbaya zaidi, kwa maana sasa "hee" ilikuwa na kitu kama hofu ndani yake. Mjane jirani alisema asubuhi mgonjwa anakuwa mtulivu. Ni akija mumewe tu ndiyo vurugu zinaanza.

Maneno hayo yalimchoma Wembe. Yaani ni mimi. Siku ya nne alasiri aliitwa akiwa na mguu mmoja ndani ya kiatu na mmoja nje, na alipoingia chumbani alipaza sauti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu kiharusi. "Unataka nini? Nimekununulia sinema nzima humu ndani! Viti vya duka sikununua, nimekununulia hii! Unataka nini tena kwangu?"

Kiranja hakusema hapana. Machozi yalimtoka kwenye jicho lililokuwa chini, yakaingia kwenye mto.

Wembe aliishiwa nguvu. Kistuli hakipo, pa kukaa hapakuwepo, na miguu haikutaka tena habari za kusimama. Akafanya kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu kitanda kile kiletwe: alipanda, akajibana nyuma ya mgongo wa mkewe, akalaza kichwa kwenye mto mmoja naye. Hakuwaza lolote, alikuwa anaanguka tu. Lakini kinyozi ni kinyozi. Maisha yake yote akimaliza kunyoa huinama mpaka kichwa kiwe sambamba na kichwa cha mteja, atazame kwenye kioo kile anachokiona mteja. Kwa wateja wote alifanya hivyo. Kwa mkewe kioo alikitundika akiwa amesimama.

Alitazama. Picha ilikuwa safi, dada wa dukani hakumdanganya. Rangi hazikupauka. Jua la dirishani halikuishinda. Ukingo mpaka ukingo kulikuwa na watu wasiojulikana wakigombania urithi. Na hapakuwa na kitu kingine chochote. Mlango haukuwepo. Pazia halikuwepo. Mahali palipokuwa na kistuli palikuwa na kiwiko cha mwanamke wa kwenye tamthilia, kikubwa kuliko kichwa cha mtu.

Aliinua mkono, akakishika kioo, akakipinda taratibu upande wa mlango, kama alivyoambiwa ile siku ya kwanza. Robo ya skrini ikakatika. Kikatokea kipande cha ukuta, na kwenye ukuta doa la mafuta, la duara, jeusijeusi, mahali alipokuwa akiegemeza kichwa chake alipokaa kwenye kistuli. Doa lilikuwa katikati ya kioo kabisa. Hakuna fundi wa vitambaa ambaye angelipima vizuri zaidi.

Basi ndiyo sababu Kiranja aliikataa ile robo. Miezi yote ile, televisheni ilikuwa inajiongelesha yenyewe pembeni.

"Ulikuwa unanitazama mimi," alisema nyuma ya sikio lake.

"Wewe," alisema Kiranja.

Wembe alilia kidogo, bila kelele, kwa aibu ya kupaza sauti na kwa uchovu, na sehemu ya machozi yale ilikuwa ya mtu aliyejua kwamba kochi la sebuleni limekwenda, na ile alasiri aliyoiomba haipo tena. Kama anatakiwa kuonekana, atatakiwa kuwepo. Alilijua hilo na lilimwelemea, hata baada ya kuguswa moyo namna ile. Kuguswa moyo hakunyooshi kiuno.

Kesho yake alimwambia Transista wakambebe bibi kizee. Bibi kizee lilikuwa jina la kiti cha zamani cha kunyolea, kilichokuwa kimesukumwa stoo nyuma ya duka, cha chuma, kizito, cha kuzunguka, chenye pa kuwekea miguu na mgongo unaolala mpaka chini kwa ajili ya kunyoa ndevu. Kukibeba kulivunja urafiki wao mara tatu njiani. Walipokifikisha chumbani, Wembe alikisukuma mpaka palepale pa kistuli. Na kwa kuwa pale sasa karibu pote palikuwa pa televisheni, kiti kilisimama mbele ya skrini.

Transista alitazama, akakuna kidevu. "Kaka, umetoka kupima dukani kama daktari, umekaa kwa kioo, umechagua. Sasa umeziba robo nzima."

"Ndiyo."

"Shemeji ataonaje?"

"Muulize mwenyewe."

Transista akageukia kioo. "Shemeji, hiki kiti kikae hapa?" Ndani ya kioo Kiranja aliangalia kiti, akaangalia kinyozi, akanyoosha vidole: kidogo kushoto. Wakasogeza. Kidogo tena. Wakasogeza. Akanyamaza. Wembe alichukua lile gazeti kutoka droo, akalikunja, akalichomeka tena nyuma ya kioo.

Jumapili binti alifika akiwa na haraka ya kuiona televisheni mpya. Alisukuma mlango, akakuta baba yake kalala chali kwenye kiti cha kinyozi, miguu juu, viatu vimevuliwa, ndevu zake za huku nyingi huku chache zimeelekea darini. Nyuma yake tamthilia ilikuwa inaendelea, nusu ya kila mtu imefichwa na mgongo wa kiti.

"Jamani, baba! Umemzibia mama televi—"

"Sss!"

Ilitoka kitandani. Wembe, ambaye usingizi ulikuwa umemchukua karibu wote, aliisikia sauti ile kwa mbali. Haikuwa mojawapo ya yale matatu. Alitaka kuinuka amwambie binti asikie, mama kapata neno jipya. Lakini mwili ulikataa, na kwa mara ya kwanza tangu mkasi udondoke sokoni hakuna aliyemwita, akalala.